Bi Riyama na Seredani ya Zamu

Ushawahi kumfundisha mama yako namna ya kubana matumizi? Kama hujawahi, acha hivyo hivyo. Kama ushawahi, na yeye akakusikiliza mpaka mwisho bila ya kukukatiza, basi una bahati mbaya kama yangu, na itabidi tufahamiane.

Mama yangu anaitwa Bi Riyama binti Matar. Anakaa Mkunazini, ghorofa ya kati ya nyumba ya zamani ambayo ngazi zake zinalia mtu akipanda na kuta zake zinamwaga chokaa kila masika. Baba alifariki nikiwa darasa la saba, na mdogo wangu Ulfat akiwa bado anapelekwa chuo cha Kurani kwa kushikwa mkono. Tangu siku hiyo mama anatulisha kwa kuuza mkate wa kumimina, ule wa mchele wa kusaga na tui la nazi, unaoliwa na chai jioni. Hajapata kuajiriwa na mtu, hajapata kuingia benki, na hajapata kutupa kitu.

Nazi moja kwake inatoa tui mara tatu na kila tui lina kazi yake. La kwanza ni la mkate, la pili la wali, na la tatu, ambalo kwa macho yangu ni maji yaliyosimuliwa habari za nazi, ni la mchicha. Kanga inaanza maisha yake harusini, inahamia nyumbani, inashuka jikoni, na ikishachoka kabisa inapiga deki. Nyumba yetu ina vyumba vinne na glopu mbili, kwa hiyo glopu zinahama na watu. Ukitoka chumbani kwenda ukumbini unatoka na mwanga wako, umeushika kwa pindo la shati kwa sababu unaunguza. Mitihani yote ya kidato cha sita niliisomea chini ya glopu iliyokuwa ikitakiwa kwengine.

Sokoni Darajani haendi asubuhi. Anakwenda baada ya adhuhuri, wauza samaki wakishachoka na barafu ikishayayuka. Hapatani bei. Anasimama tu mbele ya fungu la changu, anamtazama samaki, analitazama jua, kisha anamtazama muuzaji. Nimeona wanaume wazima wakishusha bei wenyewe, bila ya kuulizwa, ili mradi aondoke.

Mimi naitwa Haroub na nina shahada ya uchumi. Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu matumizi ya kaya zenye kipato kidogo. Kurasa sitini na nane. Nilipata alama ya juu kabisa, na siku niliyoukabidhi nilikuwa sijui chumvi inauzwa shilingi ngapi. Nilijua kaya hizo zinatumia asilimia ngapi ya kipato kwa chakula, lakini haikunipitia akilini hata mara moja kwamba mojawapo ya kaya hizo ilikuwa ikinisubiri na wali uliofunikwa.

Baada ya chuo nilipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Kendwa. Nilidumu miezi mitano. Siku moja nilipanda juu ya kiti katika chumba cha kulia cha wafanyakazi nikahutubia juu ya haki yetu ya kula chakula sawasawa na kile kinachomwagwa kila usiku nyuma ya jiko. Ilikuwa hotuba nzuri. Wenzangu wote waliinama kwenye sahani zao wakaendelea kula, na mmoja aliniomba nishuke kwa sababu alikuwa anakitaka kile kiti. Kesho yake nilipewa mshahara wa mwisho na barua. Nikarudi mjini na begi, nikalala siku nne nimeelekea ukutani.

Siku ya tano mama akaja kuniwekea mkoba wake wa sokoni juu ya kitanda. Akasema yeye amechoka kufikiri kila siku tule nini, na mimi nimesomea mambo hayo. Niushike mkoba kwa muda, nione wapi panavuja.

Niliruka kitandani. Kwa mara ya kwanza tangu Kendwa nilioga kwa hiari yangu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo nyumba nzima ilikuwa ikilifikiria wakati huo, nalo lilikuwa la Ulfat. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Awamu ya kwanza ya ada ilitakiwa ilipwe mwisho Ijumaa saa sita mchana, na asiyelipa nafasi yake inakwenda kwa aliyekuwa akingoja nyuma yake. Mama alikuwa ameweka kiasi kikubwa kidogo kidogo, zikabakia elfu themanini. Na hizo zilikuwa njiani: Bi Ummukulthum wa Vuga, anayemuoza binti yake, alikuwa ameagiza mikate ishirini na nne ya Alhamisi jioni, kila mkate elfu nne. Ulfat alikuwa ameshaifanya hesabu hiyo mara nyingi mpaka akawa anaisema usingizini. Zote zingepatikana, na zingebakia za viatu.

Kwa hiyo, nikajiambia, ada imeshapata dawa. Mimi kazi yangu ni kutafuta panapovuja.

Nilipapata uani. Nyumba yetu ina watu wa aina tatu, na wote wanapikia uani chini, kwenye seredani moja kubwa iliyotengenezwa kwa nusu ya pipa, inayochukua sufuria tatu kwa pamoja. Ghorofa ya juu anakaa Bi Kazija, mzee wa Kitumbatu mwenye ulimi, ambaye ananiita mume wangu tangu nilipokuwa natambaa. Chini anakaa Mama Fidelisi, fundi cherahani, ambaye wazee wake walikuja kutoka bara na yeye mwenyewe hajapata kwenda huko. Makaa yananunuliwa kwa zamu: leo sisi, kesho Bi Kazija, kesho kutwa Mama Fidelisi. Anayenunua ndiye anayewasha, lakini moto ni wa wote. Bi Kazija anapika kwanza, maana anapenda vitu vigumu vinavyotaka moto mkali. Yakishatulia makaa, mama anachoma mikate. Na yale yanayobakia, mekundu madogo madogo, Mama Fidelisi anayatia katika pasi yake ya makaa na kunyoosha sare za skuli anazoshona. Debe moja kwa siku, nyumba tatu. Mambo hayo yalikuwa yakienda hivyo tangu kabla sijazaliwa, na kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kuyatilia shaka.

Nikafanya utafiti. Nilikaa kwenye ngazi na daftari kwa muda wa wiki nzima, Jumatano mpaka Jumanne, nikiandika nani kanunua debe na nani katumia. Matokeo yalinitisha. Katika madebe saba, sisi tulinunua matatu, na wenzetu mawili mawili. Tulikuwa tukibeba asilimia arobaini na tatu ya moto wa nyumba ile huku tukitumia theluthi. Nilikwenda kwa Ulfat na daftari mkononi. Mama yetu mjane, nikamwambia, ananyonywa uani kwake mwenyewe.

Ulfat alilitazama daftari huku akisuka nywele. Akaniuliza Jumatano ilikuwa zamu ya nani. Nikamwambia yetu. Jumanne? Nikamwambia yetu.

"Kwa hivyo umeanza kuhesabu kwenye zamu yetu ukamaliza kwenye zamu yetu," akasema. "Na siku ya nane na ya tisa ulikuwa na shughuli gani?"

Nilimjibu kwamba utafiti una mipaka yake. Ningeweza kuishia hapo, maana nilimfahamu vizuri sana. Lakini nilikuwa nimeshalipa.

Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimenunua jiko la gesi la mafiga mawili na mtungi mdogo, vyote vimetumika, kwa Mbarouk, rafiki yangu wa skuli anayeuza vyombo vya watu waliohama. Elfu sabini na tano. Ndiyo, ulikuwa mshahara wangu wa mwisho wa Kendwa, na ndiyo, ulikuwa karibu sawa na kile kilichopungua katika ada ya mdogo wangu. Nililiona hilo. Nililipita kwa hoja. Ada ina mikate yake, nikasema, na hizi ni pesa za kuwekeza; katika miezi minane jiko litakuwa limejilipa.

"Miezi minane," akasema Ulfat. "Chuo ni Ijumaa." Mama, aliyekuwa akitusikia kutoka ukumbini, akamwambia aniache, pesa ni zangu na jasho ni langu.

Na si uroho peke yake ulionisukuma. Naomba niandikiwe hilo. Nikiwa mwaka wa pili nilijitolea kiangazi kizima Jozani, kuwatembeza watoto wa skuli msituni na kuwaonesha kima punju. Nilikuwa nawaambia kwamba kila debe la makaa ni mti, na kila mti ni nyumba ya mtu asiyeweza kukata rufaa. Hilo nililiamini na bado naliamini. Kasoro ni kwamba nilikuwa nikiliamini kwa sauti kubwa.

Jumatano jioni ya wiki iliyofuata, siku ambayo ilikuwa ya Mama Fidelisi kuwasha, nilisimama kwenye ngazi ya tatu kutoka chini, ngazi inayofaa kwa hotuba, nikawatangazia wanawake wawili waliokuwa uani kwamba kuanzia siku ile nyumba yetu imejitoa katika seredani. Nilitaja arobaini na tatu kwa mia. Nilitaja unyonyaji. Nilitaja Jozani. Bi Kazija alikuwa anachagua mchele katika ungo, na hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Amesema vizuri," akamwambia Mama Fidelisi. "Hata kukohoa hakukohoa."

Mama alikuwa juu dirishani na alisikia yote. Usiku tulikula wali na samaki wa gesi, na nilishuka mara mbili kuangalia kama kuna mtu anatuonea wivu. Mama alisifu wali. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kuhusu mikate ya kesho.

"Gesi ni moto, mama," nikamwambia. "Na mkate unataka moto."

"Mkate unataka moto chini na moto juu, Haroub."

Nikamwambia moto wa juu nitautafuta. Akasema haya, jaribu mmoja kwanza.

Wasiopata kuupika mkate wa kumimina nawaeleza. Uji wake mzito, wenye mchele, tui, sukari, iliki na hamira, unaumuka mpaka unatoa mapovu. Kisha unaumimina katika sufuria iliyoshika moto. Ukishaiva chini, unafunika kwa bati na kupalia, yaani unaweka makaa juu ya bati lile, mpaka uso wa mkate ugeuke rangi ya dhahabu. Uji ulioumuka hausubiri. Ukichelewa nao unachacha, na mkate uliochacha haupelekwi kwenye harusi wala popote.

Alhamisi baada ya adhuhuri ndoo ya uji ilikuwa imeumuka, nzuri sana, inapumua kama mtu aliyelala. Niliwasha gesi na kumimina mkate wa kwanza. Chini ukaungua, juu ukabaki mweupe na umelowa. Wa pili nilipunguza moto, nikapata kitu kile kile kwa muda mrefu zaidi. Wa tatu niliugeuza kama chapati, kama nilivyoona katika simu, nao ukavunjika vipande vitatu, kimoja kikaenda kwenye mguu wangu. Katikati ya hayo nilishapasha kikaango kitupu nikakiweka juu ya mfuniko. Nilishafikiria pasi ya umeme ya Ulfat, na ningeijaribu, kama mwenyewe asingenipokonya mkononi.

Nilipoinua kichwa ilikuwa inakaribia alasiri. Mapovu ya uji yalikuwa yameanza kuwa makubwa na kupasuka polepole, dalili ambayo hata mimi niliijua. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao chake mlangoni, mikono mapajani. Alikuwa ameniambia nijaribu mmoja. Ulfat alisimama nyuma yake. Alikuwa anaitazama ile ndoo kama mtu anavyoitazama meli inayofungua kamba na yeye yuko gatini.

Nikamwambia mama ashuke amuombe Bi Kazija makaa, maana sisi tumeshajitoa, leo ni zamu yake na moto wake uko wazi.

"Nenda wewe," akasema. "Mimi sikuhutubia."

Ngazi zile ni kumi na nane. Nilizishuka kama mia. Uani Bi Kazija alikuwa amekaa mbele ya seredani, sufuria yake ya pweza inachemka, makaa chini yake mekundu, mazuri, ya kutosha kijiji. Mama Fidelisi alikuwa kwenye cherahani chake mlangoni kwake.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mume wangu. Kaa mbali kidogo na moshi, watoto wako wa Jozani wasije wakakusikia unanuka."

Nikamwambia nimekuja kuomba makaa kidogo.

"Makaa? Jiko lako si lipo?"

"Mkate hauivi juu."

"Hauivi juu," akamwambia Mama Fidelisi, kana kwamba mwenzake haelewi Kiswahili. "Jana tulipokuwa tunamnyonya ulikuwa unaiva."

Mama Fidelisi hakusimamisha mguu kwenye cherahani. "Muulize kwa mia ngapi," akasema.

Nikasema arobaini na tatu. Nilisema chini kwa chini, lakini uani kwetu kunavuma.

Bi Kazija akacheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Alipomaliza uso wake ulikuwa mwengine kabisa.

"Uji ushaumuka?"

"Ushaumuka. Unakaribia kuchacha."

"Na ule si ndio chuo cha Ulfat?"

"Ndio."

"Sasa hapo unasimama unangoja nini, unangoja nikupigie ngoma?" Akaishika sufuria yake ya pweza kwa matambara mawili, akaitoa motoni ikiwa bado haijaiva nusu, akanikabidhi. "Mpeleke huyu kwenye gesi yako. Pweza hataki moto wa juu. Na mwambie mama yako ashushe ndoo."

Nilipanda na pweza, nikakutana na mama na Ulfat katikati ya ngazi wanashuka na ndoo. Walikuwa hawajaitwa.

Kazi niliyopewa ilikuwa kupepea. Kwa saa mbili na nusu nilichuchumaa mbele ya nusu ya pipa na kipepeo cha ukindu, majivu puani, jasho linaingia machoni. Bi Kazija alifungua polo lake zima la makaa, lile alilokuwa ameliweka akiba, na kila makaa yakififia alitia mengine bila ya kupima. Mama alimimina, Ulfat alifunika, Mama Fidelisi aliacha sare za watu akashika koleo na kupanga makaa juu ya mabati kwa mpangilio ambao sijauona katika kitabu chochote. Kila mmoja mkono wake ulikuwa ukifika mwengine unapoondoka. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiambiwa: pepea, usipepee, pepea huku, ondoka.

Tulipopata nafasi nilimuuliza Ulfat kwa sauti ndogo kwa nini mama aliniacha. Alijua kwamba gesi haipalii. Aliijua mikate kabla mimi sijazaliwa. Kwa nini alinipa mkoba, kisha akanyamaza mpaka nikafika pale?

"Kwa sababu ulikuwa huli," Ulfat akasema.

Sikumuelewa.

"Ulivyorudi Kendwa. Siku nne hukula. Mama akasema tumpe kitu akishike, hata akikivunja. Sasa pepea, wa Bi Ummukulthum huo unapoa."

Nikapepea. Moshi ule unaumiza macho sana, jambo ambalo wataalamu wa afya wanalisema mara nyingi na wako sahihi.

Mikate ilitoka ishirini na mmoja. Mitatu niliyoiua haikufufuka, lakini ishirini na mmoja mara elfu nne ni elfu themanini na nne, na kilichotakiwa ni themanini. Ningeng'ang'ania gesi kwa mkate wa nne na wa tano, kama nilivyokuwa nimeazimia, tungepungukiwa. Kabla ya magharibi likaja gari la Vuga, akashuka mdogo wake Bi Ummukulthum, akaipokea mikate, akaisifu, akasamehe ile mitatu iliyopungua, akampa mama elfu arobaini na mbili. Nusu sasa, akasema, na nusu Jumapili, shughuli ikimalizika. Dada yake amezidiwa, mambo ya harusi anayajua mwenyewe. Mama akasema haya. Gari likaondoka.

Nilibaki nimesimama uani na kipepeo mkononi. Jumapili. Ada ilikuwa Ijumaa saa sita. Nikamuuliza mama kwa nini hakumwambia. Akasema mtu aliyetumwa hana pesa nyengine isipokuwa alizotumwa, na ukimpa maneno atayafikisha yakiwa makubwa kuliko ulivyompa. Nikasema basi nitakwenda mimi, asubuhi na mapema. Nitamwambia Bi Ummukulthum mlangoni kwake, mbele ya wageni wake, kwamba mnyonge hulipwa kabla jasho lake halijakauka, na kwamba watu wanaoweza kukodi jukwaa na taa za rangi wanaweza kulipa mikate. Mama akaniuliza kama ningependa pweza. Bi Kazija ameleta bakuli. Pweza alikuwa ameiva vizuri sana. Gesi ni kitu kizuri, na sijasema vyenginevyo.

Sikulala sana. Niliiandika hotuba katika karatasi, nikaifuta, nikaiandika tena bila ya takwimu.

Asubuhi ya Ijumaa nilipoamka mama hakuwepo, na Ulfat pia hakuwepo. Nilidhani wamekwenda kutafuta mkopo kwa jamaa, nikazidi kupandwa na hasira. Nikavaa shati langu la mapokezi na kwenda Vuga kwa miguu. Nyumba ya harusi haikuwa ngumu kuipata. Bendera za karatasi zilikuwa bado zinaning'inia uchochoroni. Mlango wa mbele ulikuwa umejaa wanaume waliokuwa wakinywa chai, hivyo nikazungukia nyuma, kwenye mlango wa uani, karatasi mkononi.

Uani kulikuwa na wanawake kama kumi na tano, wengine wanamenya vitunguu, wengine wanapanga vikombe. Katikati yao, kanga imefungwa kiunoni, mikono mpaka kwenye viwiko ndani ya sufuria la pilau ambalo mtu angeweza kuogea, alikuwa mama. Alikuwa anasugua ukoko kwa kumbi la nazi na mchanga. Mwanamke aliyekuwa akimsaidia alimuuliza amekuja saa ngapi, maana yeye alimkuta. Mama akasema baada ya alfajiri, alisikia mikono ni michache.

Bi Ummukulthum akatokea jikoni, macho mekundu kwa kutolala, akiwa na pochi kifuani. Alikuwa akiwagawia watu pesa za sukari, za barafu, za gari. Akamuona mama, akasimama.

"Riyama. Wewe ndiye unayenisugulia masufuria yangu tangu alfajiri?"

"Nimepita tu, dada. Nimeona yamelala."

"Na mikate yako nimekulipa yote?"

Mama akasema asijali, Jumapili si mbali. Bi Ummukulthum akashika kichwa, akasema Jumapili yeye hatajua hata jina lake, akafungua pochi, akazihesabu pesa zilizobakia pale pale, akamfumbatisha mama katika kiganja kilichokuwa bado kinachuruzika maji. Akamwambia asiondoke kabla ya kula.

Mama alikuja mpaka mlangoni niliposimama. Aliitazama karatasi yangu. Alinipita, akamuashiria mtu upande wa pili wa uchochoro. Alikuwa Ulfat, amekaa kwenye baraza ya duka la wakala wa simu, ile arobaini na mbili ya jana na akiba yote imo katika bahasha mapajani. Akaja mbio, akazipokea zile noti mbichi, akarudi dirishani kwa wakala. Kwenye ukuta wa duka saa ilikuwa inakaribia tatu. Wakala alizifuta noti kwa kitambaa, akazihesabu, akaandika namba ya chuo, akaikosea, akaiandika tena. Tukangoja. Mama hakusogea mlangoni, na mimi nilijikuta nimeshika upande wa kanga yake kama nilivyokuwa nikifanya sokoni nikiwa na miaka mitano.

Simu ya Ulfat ikalia. Akaisoma. Akaisoma tena, kisha akaiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, kioo kimeelekezwa kwetu, ingawa kwa umbali ule hakuna aliyeweza kuona chochote.

Mama akaitikia kwa kichwa. Akafunga upya kanga kiunoni, akaniambia niingie nimsaidie kulipindua lile sufuria, kwa sababu lilikuwa zito na upande wa chini alikuwa bado hajaugusa.